Auberon Waugh: Bwanyenye Aliyemwita Mwanawe Biafra

Wahakiki wengi wa hapa kwetu, tangu enzi za mijadala ya fasihi na ujamaa, tumezoea kumwuliza mwandishi swali moja kabla hatujafungua hata ukurasa wa kwanza: wewe ni wa tabaka gani? Swali zuri, sikatai. Lakini wapo waandishi wanaolijibu kwa sauti kubwa, wanajigamba kabisa kwamba wao ni mabwanyenye na watoto wa mabwanyenye, halafu wanakwenda kufanya jambo ambalo hesabu yetu haikulitarajia. Auberon Waugh, mwandishi wa safu katika magazeti ya Uingereza aliyefariki Januari 2001, ni mmoja wao. Namjadili hapa kwa sababu alikuwa fundi wa kejeli, na kejeli ni kitu tunachokitaja sana katika mitihani bila kukichunguza. Halafu kuna hili jingine: mtu huyu aliyewacheka karibu walimwengu wote, mwaka 1968 alipopata mtoto wa kiume alimpa Biafra kuwa mojawapo ya majina yake.

Baba yake ni Evelyn Waugh, mwandishi wa riwaya. Huyu mzee tunamfahamu kwa namna yake. Mwaka 1930 alikwenda Ethiopia kuandika habari za kutawazwa kwa Haile Selassie, akashuka mpaka Zanzibar, Kenya na Uganda, na mwaka 1932 akatoa Black Mischief, riwaya inayotokea katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Azania, nje kidogo ya pwani yetu hii hii. Humo kila mtu anachekwa, Mwafrika, Mwarabu na Mzungu, ila vicheko havina uzani mmoja. Mwana alizaliwa mwaka 1939 akakulia chini ya kivuli cha mzee huyo. Katika tawasifu yake, Will This Do? (1991), anasimulia kisa cha ndizi. Vita vilikuwa vimekwisha, vyakula bado ni vya mgao, serikali ikaamua kila mtoto apate walau ndizi moja. Zikaletwa ndizi tatu nyumbani. Baba akazimwagia malai na sukari, vitu vya kutafutwa kwa tochi siku zile, akazila zote tatu mbele ya watoto wake. Sisi tunaokula ndizi mpaka tunazikinai tutacheka, lakini nadhani kisa hiki kinaeleza mengi kuhusu mtu ambaye baadaye hakuweza kumwamini mkubwa yeyote, awe waziri, jaji au askofu.

Mwaka 1958, akiwa kijana wa jeshini huko Cyprus, alitikisa mtutu wa bombomu iliyokwama juu ya gari la deraya. Bombomu ikafyatuka. Alipoteza pafu moja, bandama, mbavu kadhaa na kidole, na maumivu yakawa naye maisha yake yote. Akaenda Oxford, hakumaliza. Mwaka 1960, hata miaka ishirini na mmoja hajatimiza, akachapisha riwaya ya kwanza, The Foxglove Saga. Ziko tano kwa jumla, ya mwisho ya mwaka 1972, kisha akaziacha riwaya moja kwa moja. Sitazisemea sana. Ni kazi za kijana mwenye kipaji anayesikia nyayo za baba yake nyuma ya mlango.

Kipaji chake hasa kilikuwa katika safu. Orodha ya magazeti aliyoyaandikia ni ndefu, nayo inachanganya: Catholic Herald la Wakatoliki, Spectator la wahafidhina, New Statesman la mrengo wa kushoto, Private Eye la tashtiti, na mwishoni Daily Telegraph, alikoandika safu ya Way of the World tangu 1990 mpaka afya ilipomkatalia mwaka 2000. Spectator walimfukuza mwaka 1970 kwa utundu wa kitoto kabisa: katika ukurasa wa yaliyomo alilichezea jina la mwenzake George Gale, akamwandika Lunchtime O'Gale, kumaanisha ni mlevi. Akaenda mahakamani, akashinda. Baadaye akarudi kuandika katika gazeti lilelile. Magazeti ya Kiingereza, bwana!

Sasa tufike Biafra, maana ndiko ninakotaka kukaa. Biafra ilijitangaza kuwa nchi tarehe 30 Mei 1967, vita vikaanza Julai, vikaisha Januari 1970. Serikali ya Harold Wilson, ya chama cha Labour, iliiuzia silaha serikali ya Lagos huku Biafra imezingirwa na watoto wanakufa kwa njaa. Waugh, akiwa mwandishi wa siasa wa Spectator, alikwenda huko akajionea. Aliporudi alimwandama Waziri wa Mambo ya Nje, Michael Stewart, juma baada ya juma, akimtuhumu kwamba anashiriki kuifanya njaa kuwa silaha. Mwaka 1969, pamoja na Suzanne Cronjé, akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema kwamba Biafra ni aibu ya Uingereza.

Upande wetu wa bara hili, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na Mwalimu Nyerere alieleza sababu zake kwa Waingereza wenyewe katika gazeti lao The Observer mwezi huohuo. Basi tazama kinyume hiki. Mjamaa wa Butiama na bwanyenye wa Somerset, watu wasiokubaliana karibu jambo lolote jingine chini ya jua, wanasimama upande mmoja, wakati chama cha wafanyakazi cha Uingereza kinapeleka silaha. Kipimo chetu cha tabaka kinasemaje hapo?

Najua mtu wa mrengo wangu atanijibu nini. Atasema Waugh alikuwa Mkatoliki, na Waigbo wengi ni Wakatoliki, kwa hiyo aliwalilia ndugu wa dini. Atasema pia aliichukia Labour, Biafra ikampa fimbo ya kuichapia. Majibu yote mawili yana ukweli. Lakini hayatoshi. Fimbo ya kuchapia serikali huitupa serikali ile ikishaondoka, na Waugh hakuitupa: miaka mingi baadaye, Biafra imeshafutika kwenye ramani na Stewart si waziri tena, bado aliwakumbusha wasomaji wake. Mimi naona ufunguo uko katika imani yake kwamba tamaa ya kutawala wengine ni ugonjwa, na kwamba mwanasiasa ni mgonjwa wa kutazamwa kwa hadhari. Imani hiyo ilimfanya mzito wa kusikia kila waziri alipotaja maslahi ya taifa. Katika jambo la Biafra, uzito huo wa masikio ulikuwa rehema.

Kwingineko haukuwa rehema. Tuiangalie fani yake. Kuanzia mwaka 1972 mpaka 1986 aliandika shajara katika Private Eye. Ndani yake nafsi ya msimuliaji ni bwana mkubwa anayejitapa, rafiki wa kila mtu mkubwa, anayetoa hukumu kwa nchi nzima. Watu wa kweli wanaingia humo wakifanya mambo ya uongo, na uongo umetiwa chumvi waziwazi ili msomaji asiuamini. Ni kinyago, tena kinyago chenye manufaa. Ni vigumu kumshtaki mtu anayetangaza kwamba anaongopa. Lakini kinyago hichohicho kilimpa ruhusa ya kuwatukana wafanyakazi, wanawake wanaharakati na wageni, halafu akiulizwa aseme, jamani, si utani tu! Wanaoijua mipasho ya taarabu wanaufahamu mchezo huu: aliyechomwa akilalamika, huambiwa kwani nani kakutaja?

Tofauti ni kwamba mipasho inataka wote waliomo ukumbini waijue lugha ya mchezo. Utani wake katika The Times kuhusu suruali pana za Waislamu ulivuka bahari, na huko Rawalpindi, Pakistan, maktaba ya British Council ikachomwa moto. Sitetei uchomaji wa maktaba, mwanafunzi gani atautetea? Ila mtu hawezi kuomba kinyago chake kitambuliwe na watu ambao hakuwahi kuwaalika kwenye ngoma.

Kisa cha mwaka 1979 ndicho Waingereza wanachokipenda zaidi. Jeremy Thorpe, aliyewahi kuongoza chama cha Liberal, alikuwa anasubiri kesi ya kula njama ya kumuua Norman Scott, mtu ambaye mbwa wake Rinka alipigwa risasi akafa mwaka 1975. Waugh akasimama kugombea ubunge dhidi yake huko North Devon, kwa tiketi ya chama alichokiita cha wapenda mbwa. Thorpe akaomba mahakama izuie tangazo lake la uchaguzi, na likazuiwa. Waugh alipata kura 79. Thorpe alipoteza kiti, lakini mwezi Juni mahakama ikamwachia huru. Hapo kejeli ilikuwa imemkabili mtu mwenye nguvu, na hiyo naiheshimu. Nakumbuka pia kwamba Wahome Mutahi, mwenye safu ya Whispers kule Kenya, alifungwa mwaka 1986. Waugh hakulala jela hata usiku mmoja kwa sababu ya safu zake, na sifa za ujasiri wake zisomwe na jambo hilo likiwa kando.

Alipofariki, wenzake walimlilia kama mtu mpole aliyekuwa mkali kwenye karatasi tu. Polly Toynbee wa The Guardian hakungoja hata matanga yaishe. Aliandika kwamba mtu huyo na kundi lake walikuwa balaa, na kwamba dharau yao ilikuwa dharau ya waliozaliwa wameshiba. Nakubaliana naye zaidi ya nusu. Kilichobaki ni Biafra, ambayo dharau haiwezi kuieleza.

Na lipo la mwisho, la sisi watu wa ushairi. Tangu 1986 Waugh alikuwa mhariri wa Literary Review, na humo aliendesha mashindano ya mashairi yenye sharti kali: lazima shairi liwe na vina, liwe na mizani, na lieleweke. Angeletwa kwenye ugomvi wetu wa miaka ya 1970, angekaa na wanamapokeo bila kuulizwa mara mbili, akamcheka Kezilahabi na Kichomi chake. Wenzangu wengi wanaichukulia hiyo kuwa dalili ya siasa za kurudi nyuma. Basi watueleze pia kuhusu Abdilatif Abdalla, ambaye mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatungia gerezani kati ya 1969 na 1972, kwa vina na mizani, akiipinga serikali ya Kenyatta.