Make 3.82 ilipoikataa Linux

Julai 2010 ilitoka GNU Make 3.82, mrithi wa Make aliyoiandika Stuart Feldman kule Bell Labs mwaka 1976. Waliosasisha wakakuta kerneli ya Linux, iliyojengeka vizuri jana yake, imegoma. Kisa? Makefile ya kerneli ilikuwa na mstari unaoanza hivi:

config %config:

Yaani jina kamili na ruwaza (hiyo alama ya % husimamia herufi zozote) katika kanuni moja. Make za awali zilivumilia, ingawa mwongozo haukuruhusu. 3.82 ikakataa kabisa. Dawa: tenganisha, config kivyake na %config kivyake, amri zilezile chini ya kila moja. Mimi nawatetea watu wa Make. Lakini aliyehitaji kerneli ya 2009 alibaki kurekebisha Makefile kwa mkono.