Hakumaliza Uzamifu, Lakini Mahakama Zilimsikiliza

Tuanze na chapati.

Sema hapo stejini kwenu kuna vibanda viwili. Kila kimoja kinauza chapo 20. Siku moja mwenye kibanda kikubwa, ambaye pia ana hoteli mbili mahali pengine, anashusha bei hadi 10. Unga na mafuta peke yake vinamaliza hiyo 10 yote, kwa hivyo anauza kwa hasara. Sisi wanunuzi tunafurahi, foleni inafika barabarani. Mwezi wa pili, mama wa kibanda kidogo anafunga. Mwezi wa tatu, chapo ni 30.

Uliza mtu yeyote stejini, atakwambia huo ni uonevu na serikali inafaa kuingilia. Mimi pia ningekwambia hivyo. Halafu nikaanza kusoma historia ya sheria ya ushindani, yaani sheria inayozuia kampuni kubwa kumeza soko lote, nikakutana na mwalimu mmoja Mmarekani anaitwa Aaron Director. Yeye alisikia hadithi kama hiyo ya chapati akauliza swali moja tu: mna uhakika hiyo kitu huwa inatokea kweli?

Hilo swali liligeuza sheria ya nchi nzima. Na aliyeliuliza hakuwa na uzamifu, na hakuandika vitabu vya kujaza rafu. Ndiyo maana nimeamua leo tuongee juu yake.

Director alizaliwa 1901 katika kijiji ambacho siku hizi kiko Ukraine, katika familia ya Kiyahudi. Wakahamia Marekani akiwa bado mtoto, mji wa Portland. Shuleni alikuwa na rafiki ambaye baadaye dunia ingemjua kama mchoraji Mark Rothko. Wote wawili wakaingia Yale 1921, watoto wa wahamiaji kati ya watoto wa matajiri, na wakaanzisha kagazeti ka kuchokoza hicho chuo. Rothko aliacha Yale bila shahada. Director alimaliza 1924, akaenda kufanya kazi za mkono, hata kwenye mgodi wa makaa ya mawe, kisha akafundisha katika chuo cha wafanyakazi huko Portland. Wakati huo alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto kabisa.

Mwaka wa 1927 akaenda Chuo Kikuu cha Chicago kusomea uchumi wa wafanyakazi. Hapo ndipo mawazo yake yalianza kugeuka polepole, kutoka kushoto kwenda soko huria. Dada yake Rose alimfuata Chicago, na baadaye akaolewa na Milton Friedman, yule mwanauchumi maarufu. Director alianza uzamifu lakini hakuumaliza. Hata hivyo, 1946 alipewa kazi katika kitivo cha sheria cha Chicago. Mwanauchumi bila uzamifu, akifundisha wanasheria.

Sasa skiza jinsi darasa lenyewe lilivyokuwa. Kozi ya sheria ya ushindani ilikuwa ya Edward Levi, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Levi alimkaribisha Director wafundishe pamoja. Wanafunzi wao walisimulia kwamba siku nne za wiki Levi alieleza kesi na namna majaji walivyofikiri, kila kitu kinaingiana vizuri. Siku ya tano Director anasimama na kuonyesha kwamba yale yote Levi alisema hayasimami kiuchumi. Wiki baada ya wiki.

Ili uelewe kwa nini hiyo ilikuwa kishindo, rudi nyuma kidogo. Marekani ilipitisha sheria yake kuu ya ushindani, Sherman Act, mwaka wa 1890. Mwaka wa 1911 Mahakama ya Juu ikaitumia kuvunja Standard Oil ya John D. Rockefeller, ikawa kampuni 34. Na hadithi ambayo kila mtu aliijua kuhusu Rockefeller ni ile ile ya chapati: anashusha bei ya mafuta ya taa katika mji mmoja, mpinzani anakufa, bei inapanda. Vitabu viliandika hivyo, walimu wakafundisha hivyo.

Director akafanya hesabu ya chapati. Mwenye kibanda kikubwa ndiye anauza nyingi, kwa hivyo ndiye anapata hasara kubwa zaidi kila siku. Mama akifunga, bado sufuria na jiko lake vipo, mtu mwingine anaweza kuvinunua bei ya kutupa na kuanza upya. Na siku chapo inafika 30, kuna kijana hapo atawasha jiko lake auze 25. Kwa hivyo vita vya bei ni njia ghali sana ya kupata ukiritimba. Ingekuwa rahisi kumnunua yule mama tu.

Alimpa wazo hilo mwenzake mmoja, John McGee, ambaye alikwenda akasoma kumbukumbu za kesi yenyewe ya Standard Oil. Makala ya McGee ilitoka 1958, katika jarida jipya la sheria na uchumi ambalo Director alilianzisha mwaka huo huo. Hitimisho lake: ushahidi wa kwenye kesi hauonyeshi kwamba Rockefeller alijenga ukiritimba kwa kuuza kwa hasara. Mara nyingi aliwanunua wapinzani.

Ebu fikiria hapo. Karibu miaka hamsini watu wanarudia hadithi, na ilibidi mtu aulize ndipo mwingine afungue makabrasha. Mimi kama mtu wa kutengeneza video najua hiyo aibu. Nimerudia vitu vingi kwa sababu vilikuwa vitamu.

Wanafunzi ndio waliobeba kazi ya Director. Yeye mwenyewe alichapisha kidogo sana. Mmoja wao alikuwa Robert Bork. Mwaka wa 1978 Bork alitoa kitabu, The Antitrust Paradox, kinachosema sheria ya ushindani ina lengo moja tu: ustawi wa mnunuzi. Kama hatua ya kampuni haimuumizi mnunuzi, jaji aiache. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnukuu Bork ikielezea lengo la Sherman Act. Kufikia 1993, katika kesi ya kampuni za sigara, mahakama hiyo ilisema mtu anayelalamika kwamba mpinzani ameuza kwa hasara lazima aonyeshe pia jinsi mpinzani huyo angeweza kurudisha pesa zake baadaye. Hilo ni swali la Director limevaa joho la jaji.

Kwa hivyo darasa la siku ya tano liligeuka kuwa sheria. Ilichukua kama miaka arobaini.

Sasa, hapa ndipo nilitaka kuandika ile post ambayo ingeshabikiwa sana: "Mnaona? Karatasi si kitu!" Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, na ningependa sana iwe hivyo. Lakini ningekuwa nadanganya, na historia yenyewe inanikatalia.

Kwanza, Director alikuwa na shahada ya Yale na mshahara wa chuo kikuu. Pili, kulikuwa na pesa. Utafiti uliomrudisha Chicago 1946 ulilipiwa na wakfu mmoja wa Kansas City, Volker Fund, ambao ulikuwa unasukuma mawazo ya soko huria. Hiyo haifanyi hesabu yake kuwa mbaya. Lakini wazo zuri bila mtu wa kulilipia linaweza kukaa kwenye daftari miaka yote, na wazo lenye mlipaji linapata jarida, mkutano na wanafunzi. Ukisoma nadharia yoyote, uliza pia nani alikuwa analipa stima.

Tatu, na hii ndiyo inanigusa, alikuwa na chumba. Mwanauchumi George Stigler alisimulia juu ya jioni moja nyumbani kwa Director, ambapo Ronald Coase alikuja kutetea wazo ambalo wanauchumi wote wa Chicago waliokuwepo, karibu ishirini, waliliona kosa. Walibishana hadi usiku. Mwisho wake wote wakakubali kwamba Coase ndiye yuko sahihi. Watu ishirini wakubwa, wanabadilisha msimamo usiku mmoja! Mimi nikiweka maoni yangu mtandaoni, wanaonipenda wananisifu na wanaonichukia wananitusi. Sijawahi kupata mtu wa siku ya tano. Tangu niache chuo, cheti sikikosi sana. Huyo mtu ndiye ninamkosa.

Na hata chumba chenyewe kinaweza kuzeeka. Mwaka wa 1996, katika jarida lile lile la Director, watafiti wengine walirudi kwa Standard Oil wakaangalia reli badala ya bei. Wakaeleza kwamba nguvu ya Rockefeller ilitokana na mpango wake na kampuni za reli, ambao ulifanya usafirishaji uwe ghali kwa wapinzani. Kwa chapati: hakushusha bei, aliongea na mwenye lori la unga. Hilo swali la siku ya tano halikuwa limeuliza.

Halafu 2017, mwanafunzi wa sheria hapo Yale, Lina Khan, akachapisha makala iliyochezea jina la kitabu cha Bork: Amazon's Antitrust Paradox. Hoja yake ni kwamba ukiangalia tu kama bei ya leo iko chini, huwezi kuona kampuni inavyojenga nguvu kwa kushika barabara ambayo wapinzani wake wanapitia. Alikuwa mwanafunzi. Mwaka wa 2021, akiwa na miaka 32, alifanywa mwenyekiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile inayosimamia ushindani Marekani. Wengine wanasema alikosea, wengine wanamwona shujaa. Mimi ninachoona ni mtu amefanyia Chicago kile Director aliwafanyia wale wa kabla yake.

Unaweza kuuliza, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu sisi pia tuna sheria, na nadharia husafiri ndani ya sheria kama mchele ndani ya gunia, hujui ulitoka shamba gani.

Sheria yetu ya Ushindani ni ya 2010, na ilianza kazi 2011. Mwaka wa 2014 Mamlaka ya Ushindani ilifanya mawakala wa M-Pesa waachiliwe kuhudumia mitandao mingine pia, baada ya Airtel kulalamika juu ya mikataba ya kumfunga wakala kwa Safaricom peke yake. Mtu wa Chicago angeuliza: kama Safaricom ndiyo ilijenga mtandao wa mawakala kwa gharama yake, kwa nini mpinzani apande bure? Mtu wa Khan angejibu: wakala ndiye barabara, na barabara ikifungwa hakuna mashindano. Wote wawili wana hoja. Na ukweli ni kwamba mawakala walifunguliwa na M-Pesa ikabaki kubwa vile vile. Kutuma pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulikuja 2018. Pengine mlango uliofunguliwa kwanza haukuwa ule mkubwa.

Lakini kilichonisimamisha ni kifungu cha 3 cha sheria hiyo. Kinasema lengo ni kuboresha ustawi wa watu wa Kenya. Si wanunuzi wa Kenya. Watu. Ukiendelea chini kuna orodha: ufanisi, ubunifu, kulinda watumiaji, kuvutia uwekezaji. Lakini neno la kwanza ni watu.

Sasa rudi stejini. Kwa kipimo cha Bork, mama wa kibanda kidogo hahesabiwi kama muuzaji. Kinachohesabiwa ni mimi na wewe tunalipa ngapi kwa chapo. Kwa maneno ya sheria yetu, yeye pia ni mtu wa Kenya. Je, ustawi wake unaingia kwenye hesabu? Ukiingia, unapimwa vipi dhidi ya wetu sisi tuliokula chapo ya 10? Na tukimlinda yeye, tunajuaje hatujamlinda tu dhidi ya mtu anayepika vizuri zaidi? Hayo si maswali ya kujibiwa kwa hasira. Marekebisho ya 2016 na 2019 yalianza kuwaangalia wauzaji wanaobanwa na wanunuzi wakubwa, kwa hivyo bunge limeshagusa jambo hilo. Bado inahitaji mtu akae nalo miaka kumi, na makabrasha, na mwenzake wa kumwambia amekosea.

Director alikufa 2004, akiwa na miaka 102. Sikubaliani na kila alichofikia. Lakini aliacha mfano wa kazi: chukua hadithi ambayo kila mtu anaipenda, fanya hesabu, kisha mtume mtu akasome kesi yenyewe.

Mimi nimeanza na kifungu cha 3. Sina kitivo wala Volker Fund. Nina bando na jioni. Kama uko kampasi na unasomea sheria au uchumi, wewe una maktaba na una walimu wa kubishana nao. Tafadhali usiimalize hiyo miaka minne bila kuuliza swali la siku ya tano. Na ukiliuliza, niite, nitakuja kukaa nyuma.