Sindano ya Jioni: Kushona kwa Kujifurahisha Birere

Mtu akitaja Birere, watu wa Goma wanafikiri kwanza biashara: magunia ya unga, bikwembe vilivyopangwa kwa rangi, chukudu zinazoshuka na mizigo, na ile njia ya kwenda kwenye mpaka mdogo wa Gisenyi. Ni kweli. Lakini sisi tuliolelewa kule tunakumbuka pia saa za jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, wamama wakitoa viti vidogo mlangoni na kila mmoja kushika kazi yake ya mkono. Mmoja kroshe, mwingine shuka la kudarizi, mwingine libaya ya mtoto iliyobaki mikono tu. Mpita njia akiuliza bei, jibu lilikuwa lile lile: "Hii haiuzishwe, ni ya moyo yangu."

Kuhusu neno hilo, ya moyo yangu, tulibishana sana katika chama chetu. Wengine walisema kijitabu cha desturi kiongelee mikeka na vikapu, kwa sababu sindano ililetwa na Wazungu. Tunaheshimu wazo lao, lakini hatukubaliani nalo.

Tuanze na mahali ilipotoka. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, masista wa misioni walikuwa na vyumba vya kushonea, na katika miji mikubwa zilifunguliwa nyumba za mafundisho kwa wanawake, zilizoitwa fwaye sosyale. Ile ya Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, ilifanya kazi kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya uhuru. Wanawake walifundishwa kupika, kulea mtoto, kupiga pasi, kufuma na kushona. Shabaha haikuwa siri: karani na fundi walitakiwa wawe na bibi wa kukaa nyumbani kwa usafi, jinsi Mzungu alivyouelewa usafi. Mwanaume alifundishwa kazi ya mshahara, mwanamke akafundishwa kazi isiyo na mshahara. Hatuoni sababu ya kuwasifu kwa hilo.

Lakini mafundisho yakitoka darasani hayana tena bwana. Mama alimfundisha binti yake, binti akamwonyesha jirani, na maua ya masista yakageuka polepole kuwa ndege wa ziwa, mashua, majani ya ndizi. Shuka la kudarizi likaingia katika vitu ambavyo bibi arusi anabeba kwenda kwake. Kazi yenyewe ni ndefu. Unachora kwanza kwa karatasi ya kaboni, unabana kitambaa katika duara la mbao ili kisilegee, halafu unafuata mstari kwa mshono wa mnyororo, na ndani ya majani unajaza uzi ulionyooka, mmoja pembeni ya mwingine, bila kuacha nafasi. Ukivuta sana, kitambaa kinakunjamana. Ukilegeza, uzi unaning'inia na siku ya kufua unakatika. Vitambaa vya kroshe, vile vya kufunika viti na meza, vilitiwa wanga wa muhogo ili visimame vizuri. Mgeni akiingia, anaviona kabla hajasalimia, na mwenye nyumba anajifanya hajui kwamba mgeni ameviona.

Wakati wa Mobutu jambo lilipata nguvu mpya. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na katika siasa ile ya kurudia asili wanaume walivaa abakosti, wanawake wakakatazwa suruali na sketi fupi. Mwanamke alitakiwa kuvaa kikwembe. Ilikuwa amri, na amri haina utamu. Lakini wamama waliingiza utamu wao ndani: mikono ya libaya ikavimba, shingo zikakatwa kwa mitindo isiyohesabika, na kila Jumapili kanisani kulikuwa na mashindano ambayo hayakutangazwa na mtu. Tena kikwembe cha bei kubwa kabisa, wax ya Hollande, kilitoka katika kiwanda cha Vlisco mjini Helmond, kilichoanza mwaka 1846 na kuiga batiki ya Java. Asili yetu ilikuwa na safari ndefu baharini! Mobutu alilegeza sheria ya mavazi mwaka 1990, lakini libaya haikuondoka, kwa sababu haikuwa tena ya serikali.

Halafu ikaja tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani, ukipita Birere. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi, na kila mtu alikuwa na dakika chache tu za kuchagua cha kubeba. Mashini ya kushona ya miguu ina kichwa na meza: kichwa kinafunguliwa na kubebwa begani, meza ya chuma inabaki. Ndiyo sababu, watu waliporudi na kujenga nyumba za mbao juu ya mawe meusi, ulikuta vichwa vya mashini vimefungwa juu ya meza za mbao zisizo za kwao. Na mashuka ya kudarizi? Mengi yalipona kwa sababu ndiyo yaliyofungiwa vitu. Shuka la harusi likawa furushi.

Kuanzia hapo kushona kulianza kuongelewa kwa lugha ya mashirika: mapato, miradi. Kuna mema. Katika hospitali ya HEAL Africa, wanawake wanaongoja kupasuliwa fistula wamefundishwa kushona mifuko, na pesa iliwafaa. Sisi tunaongeza tu kwamba mikono ilihitaji pia kitu cha kufanya wakati wa kungoja.

Siku hizi chaguwa, nguo kuukuu za marobota, ni rahisi kuliko kitambaa na uzi, na vijana wanaona jioni ni ya simu. Ingawa simu hiyo hiyo inawaonyesha mitindo ya kroshe, na tumeona wasichana wawili wakiifuata kidole kwa kidole. Volkano ilirudi tarehe 22 Mei 2021. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23, benki zikafungwa, na pesa ya uzi ikawa pesa ya unga.

Mmoja wa wamama wa chama chetu alianza shuka kabla ya volkano ile ya 2021. Kuna ndege wanne pembeni. Watatu wamekwisha. Wa nne hana bawa, kwa sababu uzi wa buluu ile haujapatikana sokoni, na yeye hataki buluu nyingine.