Tembe, Bati na Upepo wa Singida

Singida ni nchi ya uwanda wa juu, yenye majabali na miti michache ya kukinga upepo. Mji wenyewe uko mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Vipimo vya upepo vilivyochukuliwa Kititimo, kwenye kimo cha mita 30, vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, kasi iliyouingiza mkoa katika mipango ya umeme wa upepo.

Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa Manyoni walijenga tembe. Nguzo za mti mgumu zilichimbiwa ardhini, zikabeba boriti na fito. Juu yake zikatandazwa nyasi na kushindiliwa udongo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyevuka Ugogo mwaka 1857, alizieleza nyumba hizo, fupi na bapa, katika maandishi yake.

Ufupi huo ulikuwa na faida kubwa, kwa maana karibu na ardhi upepo hupungua kasi. Uzito nao ulifanya kazi yake. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, katika hewa nyepesi ya uwanda huo wa juu, una mgandamizo wa kilo 48 hivi kwa mita ya mraba. Unapopita juu ya paa bapa huligeuzia mvuto wa kwenda juu, na pembezoni mvuto huo unaweza kukaribia maradufu. Udongo wa sentimita 10 una zaidi ya kilo 150 kwa mita ya mraba, hivyo paa la tembe lilitulia kwa uzito wake tu. Ni ujenzi wa kuheshimiwa, ingawa ulivuja mvua ikizidi, uliliwa na mchwa na ulimaliza miti.

Reli ya Kati, iliyopita Manyoni na kufika Tabora mwaka 1912, ilirahisisha kusafirisha bati. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao ya zamani, na nyumba mpya zikafuata mtindo mwingine. Bati lina kilo chache tu kwa mita ya mraba. Kazi ya udongo ikahamia kwenye misumari, papi na kenchi, na kiungo kimoja kikilegea, paa huezuliwa.

Kosa la kiungo si la nyumba ndogo peke yake. Mwaka 1978, New York, viungo vya jengo la Citicorp lenye ghorofa 59 vilionekana dhaifu mbele ya upepo unaopiga pembe za jengo, vikaimarishwa kwa mabamba ya chuma yaliyolehemiwa usiku.

Anayeezeka bati juu ya kuta kuukuu za udongo huko Singida anakabiliwa na swali lile lile: mvuto wa juu utashukia wapi? Kenchi hufungwa kwenye mkanda wa zege kwa nondo au waya mzito, na mkanda nao hushikwa na nguzo zilizoshuka hadi msingi. Bila mkanda, kenchi hufungiwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, na mapaa hayaachwi yakitokeza mno nje ya ukuta.