Bob Monkhouse: Mchekeshaji Aliyeibiwa Madaftari

Mwaka 1995 kuna staa mmoja wa televisheni Uingereza aliibiwa. Mwizi hakugusa gari wala saa ya dhahabu. Alibeba mafaili mawili ya ngozi yaliyojaa vichekesho vilivyoandikwa kwa mkono, vingine vikiwa na michoro ya katuni pembeni. Mwenye mali alipagawa kiasi cha kutangaza zawadi ya maelfu ya pauni kwa atakayeyapata.

Jamaa mwenyewe aliitwa Bob Monkhouse. Wakati huo alikuwa na miaka 67, na mle ndani ya mafaili kulikuwa na kazi ya maisha yake yote. Kwa wengine ile ilikuwa habari ya kuchekesha tu: mchekeshaji kaibiwa vichekesho! Ila ukijua alikotoka, utaelewa kwa nini alikosa raha.

Monkhouse alizaliwa tarehe 1 Juni 1928 huko Beckenham, kusini mwa London. Kwao hawakuwa watu wa njaa, babu yake alikuwa na hisa kwenye biashara ya vyakula. Mzazi gani anataka mtoto wa namna hiyo awe mcheza vichekesho? Dogo hakujali. Akiwa bado shule alishaanza kuandika na kuchora kwa ajili ya magazeti ya katuni ya watoto, na alilipwa.

Akaenda jeshi la anga kwa mujibu wa sheria, miaka ya mwisho ya 1940. Hapo ndipo ilipotokea stori aliyopenda kuisimulia mwenyewe. Alikuwa karani, kazi yake ni kumpelekea bosi makaratasi asaini. Siku moja akaandika barua kwenda BBC, kwa jina la bosi, kwamba kijana huyu inafaa apewe nafasi ya kujaribiwa kwenye uchekeshaji. Akaichomeka katikati ya rundo. Bosi akasaini bila kusoma. BBC wakamwita! Ujanja huo ndio uliomfungulia mlango.

Sasa hapa lazima uelewe redio ya zama zile ilikuwa nini. Mchekeshaji wa kwenye majumba ya maonyesho alikuwa na maisha laini kidogo. Akiwa na dakika 10 za vichekesho vikali, anazunguka nazo mji hadi mji, miaka hata mitano, na kila jioni watu ni wapya. Redio ikaja ikaharibu utaratibu. Unasema kichekesho mara moja, nchi nzima imeshasikia. Wiki ijayo wanataka kingine. Ni kama leo ukiposti klipu moja ikatrendi, kesho yake watu washaanza kuuliza, "Mpya iko wapi?"

Kwa hiyo wachekeshaji wakubwa wakawa wanatafuta waandishi. Monkhouse akaungana na Denis Goodwin, mtu aliyesoma naye shule moja ya Dulwich, wakafungua kama kiwanda. Miaka ya 1950 wawili hao waliandikia majina makubwa ya redio ya Uingereza, wakina Arthur Askey, Ted Ray na Jimmy Edwards. Hata Bob Hope wa Marekani, ambaye alikuwa levo nyingine kabisa, alitumia vichekesho vyao alipokuja Uingereza. Msikilizaji wa nyumbani anacheka, anamsifia aliyeshika maiki. Walioumiza kichwa usiku kucha hawajui hata sura.

Ndiyo maana akaanza kuweka kumbukumbu. Kila kichekesho anakiandika na kukipanga kwa mada, akiitwa kwenye shughuli ya madaktari anafungua upande wa madaktari. Yale mafaili hayakuwa pambo. Yalikuwa ofisi yake, benki yake na silaha yake. Akipanda jukwaani, mtu akimtajia mada yoyote, anateremsha vichekesho mfululizo mpaka unajiuliza anavitoa wapi.

Mwaka 1958 akaigiza kwenye Carry On Sergeant, filamu ya kwanza ya ule mfululizo maarufu wa Carry On. Mwaka 1962 yeye na Goodwin wakaachana kikazi. Baada ya hapo televisheni ikamchukua jumla. Kuanzia 1967 aliendesha The Golden Shot, shindano lililorushwa mubashara ambapo washiriki walielekeza upinde kwa simu. Mwaka 1972 akapigwa chini kwa tuhuma za kupokea hongo ili asifie bidhaa hewani, jambo alilolikana. Miaka miwili baadaye wakamrudisha. Baadaye zikaja Family Fortunes, Bob's Full House na hata droo ya bahati nasibu ya taifa.

Pesa ipo, umaarufu upo. Tatizo moja tu: watu wengi hawakumpenda.

Ndiyo, hawakumpenda. Walimwona mtu wa kujifanya. Tabasamu limezidi, ngozi imepakwa rangi ya jua, maneno yanateleza kama mafuta. Magazeti yalimkejeli kwa miaka. Na yeye alijua. Kichekesho chake kinachokumbukwa kuliko vyote kilitokana na donda hilohilo: kwamba zamani watu walimcheka aliposema anataka kuwa mchekeshaji, na sasa hakuna anayecheka tena. Sentensi mbili tu, na amejipiga mwenyewe kabla wewe hujampiga.

Nje ya jukwaa napo mambo hayakuwa mepesi. Alikuwa mkusanyaji wa filamu wa kutisha, na mwaka 1979 mapenzi hayo yakamfikisha mahakamani London, akishtakiwa kula njama ya kuwadhulumu wasambazaji wa filamu. Aliachiwa huru. Mwanawe wa kwanza, Gary, aliyeishi na ulemavu, alifariki 1992. Mwingine, Simon, alifariki 2001 kwa dawa za kulevya. Baba mtu aliendelea kupanda jukwaani.

Turudi kwenye wizi. Mafaili yalikaa mafichoni takriban miezi 18, kisha yakarudi mikononi mwake. Na cha ajabu, kipindi hichohicho upepo ulikuwa unageuka. Wachekeshaji vijana wa miaka ya 1990, ambao ungetegemea wamdharau, walianza kumwangalia upya. Akialikwa kwenye vipindi vyao anawafunika kwa kasi ile ile ya zamani. Ishu ya madaftari nayo ikawafumbua watu macho: kumbe yule mzee wa tabasamu bandia alikuwa anafanya kazi hii kwa mkono, neno kwa neno, zaidi ya miaka 40!

Mwaka 2001 aliambiwa ana saratani ya tezi dume. Agosti 2003, akiwa anajua hana muda, alisimama kwenye klabu ndogo London mbele ya ukumbi uliojaa wachekeshaji wenzake. Hakwenda kuaga kwa machozi. Alichekesha, akawasimulia habari za wakongwe aliowaandikia na jinsi kazi inavyofanyika. Alifariki tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 75.

Stori ingeishia hapo, lakini mwaka 2007 Waingereza walimwona tena kwenye TV, anatembea karibu na kaburi lake mwenyewe, anatania kifo chake na kuwahimiza wanaume wajali ugonjwa uliomuua. Lilikuwa tangazo la kuchangisha pesa za utafiti wa saratani hiyo. Picha zake za zamani ziliunganishwa kwa kompyuta na mwili wa mtu mwingine, sauti ikatolewa na mwigaji, na mjane wake Jackie aliridhia. Leo ambapo akili bandia inafufua marehemu kila siku, tangazo lile linaonekana kama lilitangulia muda wake.

Mtu aliyeanza kwa kuandika maneno yatoke kwenye midomo ya wengine, alimaliza na wengine wakimwandikia yeye maneno ya kusema akiwa kaburini. Na bado watu walicheka.

Swali kwako sasa: kichekesho ni mali ya aliyekiandika chumbani, au ya aliyekisema watu wakacheka? Ukimaliza kujibu, kama kuna baba au mjomba nyumbani aliyevuka miaka 50, muulize kama ameshawahi kupima.