Njia ya Kichanga, Njia ya Mbuga

Anayetoka Shinyanga mjini kwa baiskeli kwenda Mwadui ana njia mbili. Ya kwanza ni lami ya kwenda Mwanza: imenyooka, na malori yake hayana huruma na mtu wa magurudumu mawili. Ya pili haina jina. Inapita nyuma ya nyumba, inavuka mito mikavu, inapinda bila sababu inayoonekana. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichagua ya pili. Kila nilipouliza kwa nini inapinda hapa na si pale, jibu lilikuwa historia. Njia hizi hazikuchorwa na mhandisi. Zilichorwa na udongo, ng'ombe, mbung'o na pamba; na ukielekea Geita, dhahabu.

Nianze na udongo, maana ndio unaoamua kama utafika.

Usukuma ni nchi ya mawimbi. Juu ya migongo kuna mawe makubwa ya graniti. Chini ya mawe kuna kichanga ambacho Wasukuma hukiita luseni. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, udongo mgumu unaotuamisha maji, na bondeni kabisa ipo mbuga, mfinyanzi mweusi. Kiangazi, mbuga iliyokanyagwa na kwato huwa ngumu kama sakafu na baiskeli hukimbia yenyewe, wakati luseni inameza tairi. Mvua zikianza mambo yanageuka. Mbuga hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi, na baada ya hatua ishirini unabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba wewe. Ndiyo maana sehemu nyingi zina njia mbili zinazokwenda mahali pamoja: ya masika juu, ya kiangazi chini. Mgeni huona njia imejirudia bure. Mwenyeji anaona kalenda.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Tanga, alipendekeza neno la kuelezea mfuatano huu wa udongo kutoka kilele hadi bonde: katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wazo hilo lilisambaa duniani na bado linafundishwa vyuoni. Lakini wakulima wa Usukuma walikuwa na jina kwa kila pingili ya mnyororo huo, na njia zao zilishalifuata somo hilo bila kitabu.

Ng'ombe ndio waliozikanyaga. Walitoka nyumbani kwenda majini, kisha malishoni, na baadaye kwenye malambo na minadani. Ng'ombe hapendi mwinuko mkali, kwa hiyo njia yake huzunguka kilima taratibu. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo anataka hivyo hivyo. Nikiwa sina uhakika wa kupita wapi, natafuta kwato.

Kuna wakati ng'ombe walikaribia kutoweka. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua mifugo kwa wingi Afrika Mashariki, malisho yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiongozwa katika kazi hiyo na Charles Swynnerton, iliifanya Shinyanga kuwa uwanja wa vita dhidi ya mdudu huyo. Kupitia watemi, maelfu ya watu walitolewa kwenda kufyeka pori. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini ufyekaji uliendelea. Upeo mpana unaouona leo ukiendesha nje ya Shinyanga, unaodhani ni wa asili, una jasho la watu hao ndani yake.

Nchi iliyofyekwa ilipandwa pamba, na pamba ndiyo iliyoleta baiskeli. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilikuwa tayari kusafirisha marobota. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa na muungano wao mkubwa wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani. Fedha ya pamba ilipoingia mfukoni, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa: Raleigh ya Uingereza, baadaye Phoenix ya China, kisha Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO. Zote zilikuwa nzito, hazina gia, na keria zake zilibeba gunia. Mjini Shinyanga hata neno daladala lilihamia kwenye baiskeli ya abiria.

Vitabu vya mchezo huu husema baiskeli ya milimani ilizaliwa California katika miaka ya 1970, vijana walipoanza kuteremka njia za udongo karibu na Mount Tamalpais kwa baiskeli kuukuu. Mwaka 1976 walianzisha mashindano yaliyoitwa Repack, kwa sababu mteremko uliunguza grisi ya breki na ilibidi wapakie mpya. Siwapingi. Ila baiskeli zao zilikuwa nzito, za chuma, hazina gia, na zilipita njia za udongo zisizo kwenye ramani ya barabara. Tofauti ni kwamba wao walipandisha baiskeli ili washuke. Huku watu walikuwa wanapeleka pamba kwenye mizani.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilihamisha watu na kupanga nyumba kando ya barabara. Njia nyingi za kati zilikosa wenyewe. Bado unaweza kuzisoma: ukiona ua wa minyaa katikati ya pori, au mwembe pekee yake, ujue palikuwa na mji, na njia haiko mbali.

Muongo mmoja baadaye nchi ilikuwa imechakaa kiasi cha Shinyanga kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua desturi ya ngitili: kufunga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Kwangu zina njia nzuri kuliko zote, zenye kivuli na ndege. Lakini ni mali ya familia na vijiji, na zina msimu wake. Hupiti kabla ya kuuliza. Unasimama, unasema mwangaluka, unamweleza mzee unakotoka na unakokwenda. Mara nyingi atakuonyesha njia bora kuliko uliyoifikiria.

Kutoka Kahama kwenda Kakola hadi Geita, swali linabadilika. Hapa hutafuti tu mahali tairi linapopita. Unatafuta mahali ambapo hapajafungwa wala hapajachimbwa. Uzio si jambo jipya: John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na njia za jirani zikajifunza kuzunguka. Bulyanhulu, mwaka 1996, wachimbaji wadogo kwa maelfu waliamriwa kuondoka. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na hadi leo yanazungumzwa kwa sauti ya chini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 katika vilima ambavyo macho ya mwendesha baiskeli yangevichagua kwanza. Nje ya uzio, kuelekea Nyarugusu, hatari ni maduara yaliyoachwa wazi. Huko sipiti bila mwenyeji, na sipiti jioni.

Kufika kumekuwa rahisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Sengerema. Nalifurahia. Lakini lami, uzio na tuta la reli ya SGR kati ya Mwanza na Isaka vina kitu kimoja vinachofanana: vilipangwa juu ya ramani, na juu ya ramani hizo njia ya ng'ombe si kitu. Inapokatwa, hakuna anayeandika kwamba kuna kilichopotea. Mwanafunzi anayekwenda shule na mama anayepeleka mpunga mashineni wanasukumwa barabarani, kwenye malori.

Kwa hiyo nikichagua njia siku hizi naangalia mambo matatu: msimu, anayeitumia, na kilichoifunga. Kisha naiweka kwenye ramani huria ya intaneti, isipokuwa ya ngitili ambayo wenyewe hawataki itangazwe. Njia isiyopitwa haina muda mrefu; masika mawili, vichaka vimeirudisha. Inayopitwa, na iliyoandikwa, angalau atakayetaka kuifunga atalazimika kuulizwa watu watapita wapi.