Ruta ya Nyumbani, Zao la Ruhusa

Anayenunua ruta leo huichomeka kwenye umeme, huipa jina na nenosiri, na baada ya dakika chache simu na kompyuta za nyumba nzima zinapata intaneti. Hatua moja haimo katika kazi hiyo, wala hakuna anayeiulizia: haendi ofisi yoyote kuomba leseni. Ilhali ruta ni mtambo wa redio unaorusha na kupokea mawimbi, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kurusha mawimbi bila kibali cha serikali kulikuwa kosa katika nchi nyingi. Historia ya Wi-Fi kwa kawaida husimuliwa kama historia ya werevu wa wahandisi. Werevu ulikuwepo, tena mwingi, na ulitangulia kwa miaka mingi. Kilichoufikisha sebuleni ni ruhusa.

Ushahidi wa kwanza uko Hawaii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuendesha ALOHAnet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwani kwa redio. Kila kituo kilituma data kilipotaka. Zilipogongana na za kituo kingine, zilitumwa upya baada ya kusubiri kwa muda wa kubahatisha. Kusubiri huko kwa kubahatisha kumo katika ruta za leo. Hata hivyo, kwa miaka 14 iliyofuata ufundi huo haukuzaa bidhaa ya nyumbani. Mlango ulifunguka tarehe 9 Mei 1985, pale Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliporuhusu vipande vitatu vya masafa vitumiwe kwa mawasiliano bila leseni, baada ya mhandisi wake Michael Marcus kulipigania wazo hilo. Vipande hivyo vilihesabiwa kuwa makapi. Kile cha gigahezi 2.4 kilikuwa kimetengwa tangu mkutano wa kimataifa wa Atlantic City wa 1947 kwa mitambo ya viwandani, ya kisayansi na ya tiba, na oveni za maikrowevu zilikuwa zikikijaza kelele. Masharti yalikuwa mawili makuu: nguvu isizidi wati moja, na ujumbe utawanywe katika masafa mapana, mbinu iliyokuwa imekaa miaka mingi mikononi mwa majeshi.

Walioichangamkia fursa hiyo hawakuwa wakifikiria sebule za watu. NCR, kampuni ya mashine za kupokelea fedha madukani, ilitaka mashine zake ziweze kuhamishwa bila kufumua nyaya, na kazi hiyo ikafanywa na wahandisi wake wa Uholanzi. Mwaka 1988 Victor Hayes na Bruce Tuch waliipeleka haja ya kiwango cha pamoja kwa chama cha wahandisi cha IEEE. Mwaka 1990 kamati ya 802.11 ikaundwa. Kiwango cha kwanza kilitoka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, na mwaka 1999 kikaja cha megabiti 11. Mwaka huohuo Apple iliuza AirPort kwa dola 299, kituo kidogo cha kuweka mezani kilichokusudiwa mnunuzi wa kawaida. Kama masafa hayo yangehitaji leseni, mtengenezaji wa mashine za dukani angelazimika kuyagombea na makampuni ya simu na televisheni, na kila mnunuzi angelazimika kutafuta kibali chake. Biashara ya namna hiyo isingeanza.

Mtetezi wa wahandisi ataitaja CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Kundi la John O'Sullivan lilitatua tatizo la mawimbi yanayogonga kuta na kurudi yakiwa yamevurugika, likapata hataza Marekani mwaka 1996, na baadaye makampuni yakalilipa shirika hilo zaidi ya dola milioni 400 za Australia. Mchango huo ni mkubwa, na bila aina hiyo ya ufundi kasi za leo zisingefikiwa. Lakini ulikuja kuongeza kasi katika uwanja uliokwisha kufunguliwa. Ulaya inaonyesha upande wa pili: kiwango chake cha HiperLAN kilipitishwa 1996, kikatengewa masafa yake chenyewe, na kasi yake ilizidi megabiti 20, mara kumi ya kile cha IEEE cha mwaka uliofuata. Hakikuingia majumbani. Sababu za kushindwa kwake ni zaidi ya moja, lakini ubora wa kiufundi peke yake haukukiokoa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna pingamizi zito zaidi: ruhusa ya kurusha mawimbi chumbani ina faida gani kama intaneti yenyewe haifiki nyumbani? Hadi 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009 ukipitia Mombasa na Dar es Salaam, ukafuatwa na TEAMS na EASSy. Ni kweli kwamba bila mikongo hiyo ruta ingebaki pambo. Lakini tazama yaliyotokea Nairobi kabla yake. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma wa Kenya walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mwingine isizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imeingiliwa, na ndani ya wiki chache mdhibiti akaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Mitambo ilikuwa tayari na mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Wengine watasema uhuru huleta vurugu. Huleta kweli, kwa kiasi. Katika gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana kwa mpangilio wa kawaida, yaani 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa majirani huzigombea. Ulinzi wa mwanzo, WEP, ulithibitishwa mwaka 2001 kuwa unavunjika, na mrithi wake WPA akaja 2003. Hata hivyo, nguvu ndogo na kuta huzuia mawimbi kufika mbali, na kila kifaa husikiliza kwanza kabla ya kutuma. Gharama halisi iko kwingine: kazi ambazo zamani zilimhusu mwenye leseni sasa ziko mikononi mwa mwenye nyumba. Kuchagua chaneli, kuiweka ruta katikati ya nyumba mbali na maikrowevu, kubadilisha nenosiri la kiwandani na kusasisha programu yake ndiyo majukumu yanayokuja na ruhusa ile ya 1985.

Mgogoro wa nani aruhusiwe kutumia masafa haujakwisha. Mwaka 2020 FCC ilifungua gigahezi 6 nzima kwa matumizi bila leseni, lakini mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliitambua sehemu ya juu ya masafa hayo kwa mitandao ya simu katika kanda inayojumuisha Afrika na Ulaya. Makampuni ya simu yana hoja: yanajenga minara na kulipia leseni, na masafa yao huenda umbali ambao ruta haiufikii. Ila yanajulikana na yana wa kuyasemea. Mwaka 1985 mnunuzi wa ruta hakuwepo, na hakuna aliyeweza kumhesabu. Serikali zetu zinapogawa masafa zinapaswa kumwachia nafasi mtu kama huyo, kwa kuwa kipande kilichodharauliwa kuwa makapi ndicho kilichoingiza intaneti vyumbani.